Niendelee na kemo au nisimame? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya kuhusu kemo, yaani dawa kali za saratani, niliyasikia kwanza nyumbani tukimuuguza baba, kisha kwenye viti vya kungojea dripu, na siku hizi nayasikia kwa watu wanaonipigia simu kwa kuwa wameambiwa tulipitia. Mimi si daktari. Mambo ya kitabibu nimeyaandika kama madaktari wenyewe wanavyoyaeleza. Maoni ni yangu, utayatambua tu.

Maswali haya yananihusu?

Inategemea dawa yako imekusudiwa nini. Kemo hutolewa kwa makusudio manne: kuponya kabisa, kuzuia ugonjwa usirudi baada ya upasuaji, kurefusha maisha pale ambapo kupona hakupo tena, au kupunguza adha kama maumivu na kubanwa pumzi. Mtu mwenye saratani ya korodani au limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) anaweza kuteswa na dawa hadi mdomo ukajaa vidonda, na dawa hiyohiyo ikamponya moja kwa moja. Huyo simshauri apige hesabu za kuacha kwa sababu ya wiki mbili mbaya. Atafute namna ya kusaidiwa avumilie, amalize.

Wengine wote, endeleeni kusoma. Ila kwanza hakikisha unajua uko kundi gani, maana wengi hawajui. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusu wagonjwa 1,193 wa saratani ya mapafu na ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa, wote wakiwa wamepewa kemo. Asilimia 69 ya wale wa mapafu na asilimia 81 ya wale wa utumbo hawakuonyesha kuelewa kwamba dawa ile haikuwa ya kuwaponya. Usiwaite wajinga. Neno hilo mara nyingi husemwa kwa kuzungukazunguka, na hata likisemwa waziwazi, sikio hulikwepa.

Daktari amesema mwili unaitikia dawa. Si ndiyo napona?

Si lazima. Kwenye picha za skani, madaktari hupima vipenyo vya uvimbe na kuvijumlisha. Jumla ikishuka kwa angalau asilimia 30, wanasema dawa imeitikiwa. Ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, au uvimbe mpya ukitokea, ugonjwa umesonga mbele. Katikati ya hapo wanasema umetulia. Zote ni habari za uvimbe. Habari za mwenye uvimbe zinaulizwa kivyake, na asipoulizwa hazimo kwenye ripoti.

Picha ya pili ya baba ilitoka nzuri sana. Tulikumbatiana koridoni. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi anajaribu kufunga kifungo cha juu cha shati, vidole vimekufa ganzi kwa dawa. Alijaribu mara nne, akakiacha wazi. "Hongereni," akatuambia.

"Faida ndogo" ni ndogo kiasi gani?

Hapa ndipo pa kukaza macho, kwa sababu maneno mawili hayo hufunika mambo yasiyofanana hata kidogo.

Chukua saratani ya kongosho. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 569 uliolinganisha dawa ya gemsitabini peke yake na gemsitabini iliyoongezewa dawa nyingine, erlotinibu. Waliopewa dawa zote mbili waliishi miezi 6.24 kwa kipimo cha kati (nusu yao chini ya hapo, nusu zaidi), na waliopewa moja miezi 5.91. Tofauti ni kama siku kumi, na pamoja nazo upele na kuharisha zaidi. Kitakwimu dawa ilifaulu, ikaidhinishwa. Miaka minne baadaye, kwa saratani hiyohiyo, mchanganyiko wa dawa nne ulitoa miezi 11.1 dhidi ya 6.8. Huo ni zaidi ya miezi minne, lakini mchanganyiko ni mkali na ulijaribiwa kwa watu waliokuwa bado na nguvu zao. Kwa hiyo ukiambiwa faida ni ndogo, omba kipimo: siku, wiki au miezi? Na je, watu waliojaribiwa walikuwa na hali kama yako?

Kwa wanaotumia dawa baada ya upasuaji, mtego uko kwenye asilimia. "Inapunguza hatari ya kurudi kwa theluthi moja" ni sentensi inayovutia. Sasa tuifungue. Tuseme kati ya watu 100 kama wewe, 9 ugonjwa ungewarudia bila dawa, na wakitumia dawa unawarudia 6. Theluthi imepungua kweli. Lakini watu 91 wasingerudiwa hata bila dawa, 6 wanarudiwa hata kwa dawa, na 3 ndio dawa imewaokoa. Wote mia wameinywa. Kuna atakayesema tatu kati ya mia ni wengi, mimi naichukua, na ana haki. Kuna atakayesema sivyo, na ana haki pia. Ila wote wawili waamue kwa tarakimu hizi, wala si kwa neno "theluthi".

Nikiambiwa "miezi sita", ndiyo nimeandikiwa miezi sita?

Hapana. Kipimo cha kati maana yake nusu ya wagonjwa walifariki kabla ya hapo na nusu baada ya hapo, na hiyo nusu ya pili inaweza kwenda mbali. Mwanasayansi wa Marekani Stephen Jay Gould aliambiwa mwaka 1982 kwamba ana mesothelioma ya tumboni, saratani ya utando wa tumbo, ambayo kipimo chake cha kati kilikuwa miezi minane. Aliishi miaka 20 zaidi, akafariki mwaka 2002 kwa saratani nyingine kabisa.

Usimchukue Gould kama ahadi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini tu na alitibiwa mahali pazuri. Kwa saratani iliyosambaa, baadhi ya madaktari hukadiria hivi: karibu nusu ya wagonjwa huangukia kati ya nusu ya kipimo cha kati na mara mbili yake, mmoja kati ya kumi huenda mara tatu au zaidi, na mmoja kati ya kumi hufika robo tu au chini ya hapo. Kwa kipimo cha miezi sita, basi, karibu nusu wataangukia kati ya miezi mitatu na mwaka, wachache watavuka mwaka na nusu, wachache hawatafika miezi miwili. Mwombe daktari akupe sura zote tatu. Namba moja peke yake hudanganya, iwe ya kutia moyo au ya kuvunja moyo.

Nimuulize daktari nini hasa?

Sisi tulikwenda na daftari lenye maswali kumi na saba. Baba akayamaliza yote kwa moja. Daktari alipomuuliza, "Mzee, tuendelee na mzunguko wa tisa?" akajibu, "Tuendelee tukapate nini, daktari?" Daktari akaiweka kalamu chini. Kwa miezi minne sikuwahi kuiona kalamu ile ikiwekwa chini.

Swali hilo hulazimisha mengine yafuate: tusipoendelea, ugonjwa utafanya nini na kwa kasi gani? Tukiendelea, tutajuaje kwamba dawa haifanyi kazi, na tutajua lini? Siku ngapi za mwezi nitakuwa kitandani, ngapi hospitali? Na ulizeni lile wengi wanaloliogopa: mtu mwenye hali kama hii, wewe ungemshauri nini kama angekuwa wa kwenu? Wapo madaktari wasiopenda kulijibu. Wengi hulijibu wakiombwa kwa upole, mlango ukiwa umefungwa.

Nenda na mtu wa pili wa kuandika. Mwenye kuambiwa habari nzito hasikii sentensi zinazofuata.

Madhara yapi ni ya kuvumilia, na yapi yananiambia nisimame?

Kwanza yatenge yenye dawa. Kichefuchefu na kutapika vina dawa nzuri za aina kadhaa, kama ondansetroni, deksamethasoni na olanzapini, na zikipangwa vizuri hubadilisha wiki nzima. Nimeona watu wakiacha kemo kwa kutapika ambako hakuna aliyekushughulikia vya kutosha. Kuharisha na vidonda vya mdomo, vivyo hivyo. Usiamue kuacha matibabu kwa jambo ambalo hujampa daktari nafasi ya kulitibu, na usilifiche ili uonekane mgonjwa hodari. Hodari hana kombe lolote anapewa.

Homa ni habari nyingine. Ukiwa kwenye kemo, joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura ya saa hiyohiyo, hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa zimekwisha na maambukizi yakakuua kwa siku moja. Usisubiri asubuhi.

Ganzi ya vidole na nyayo, kama ile inayoletwa na dawa ya oksaliplatini, huvumiliwa kimakosa. Watu husema itaisha dawa ikiisha. Mara nyingine huzidi kwa miezi michache hata baada ya kuacha, na kwa wengine haiishi kabisa. Iseme mapema, ikiwa bado ni kuchomachoma tu.

Kuna kipimo kimoja ambacho madaktari wa saratani hukiangalia kuliko wanavyokisema: wakati uko macho mchana, unautumia vipi? Wana ngazi kutoka 0 hadi 5. Aliye 0 anafanya kila kitu kama zamani. Aliye 2 anajihudumia mwenyewe, hawezi kazi, lakini zaidi ya nusu ya saa za mchana yuko wima. Aliye 3 zaidi ya nusu yuko kitandani au kitini, na 4 hawezi kujihudumia kabisa (5 ni aliyefariki, sijui kwa nini walihitaji kuiandika). Kwa saratani nyingi za uvimbe, aliyefika 3 au 4 kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, kemo mara nyingi humwongezea mateso bila kumwongezea maisha. Zipo saratani chache zinazoyeyuka haraka kwa dawa, na hizo hesabu yake ni tofauti. Weka alama kwenye kalenda kila siku kwa wiki tatu, siku nzuri na siku mbaya, kisha mpelekee daktari hiyo kalenda. Itamwambia zaidi ya "naendelea vizuri" yako.

Lazima iwe ama kuendelea ama kuacha?

Hapana, na natamani kila mtu aambiwe hili siku ya kwanza. Dozi inaweza kupunguzwa. Mizunguko inaweza kutenganishwa zaidi. Dawa moja inaweza kuondolewa kwenye mchanganyiko. Mnaweza kupumzika miezi miwili mkaangalia picha. Mnaweza kukubaliana mizunguko miwili tu ya majaribio, na tarehe ya kukaa chini na kuamua upya.

Wala kupunguza dozi si kumdanganya mgonjwa. Mwaka 2021 Waingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 514 wa saratani ya umio na tumbo iliyosambaa, wazee au dhaifu. Waliopewa kiwango cha chini kabisa, kama asilimia 60 ya dozi, ugonjwa wao haukusonga mbele haraka zaidi ya waliopewa dozi nzima, na maisha yao yalikuwa na adha pungufu. Na kwa wale wa baada ya upasuaji wa utumbo mpana, mwaka 2018 zilikusanywa tafiti sita za watu zaidi ya 12,000 kulinganisha miezi mitatu ya dawa na miezi sita. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 74.6 kwa miezi mitatu na 75.5 kwa miezi sita. Ganzi ya kusumbua ilikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wa miezi sita. Kwa wenye ugonjwa wa hatari zaidi miezi sita bado ina hoja, lakini wengine wamebakiziwa vidole vyao.

Baba naye alipita njia ya katikati. Waliondoa dawa iliyokuwa ikimletea ganzi, wakaacha zile mbili laini, akapata miezi mitano ya kutembea mwenyewe. Ugonjwa uliposonga tena, akakubali dawa za safu ya pili, zile za kujaribu baada ya za kwanza kushindwa, kwa mizunguko miwili. Zikamwendesha choo usiku kucha, na picha haikuwa na la maana. Hapo ndipo alipoacha. Kwa hiyo hakuamua mara moja. Aliamua kama mara nne.

Nikiacha, si nitakufa mapema zaidi?

Inawezekana, kama dawa yako bado inakupa kitu. Ndiyo maana umeuliza maswali ya hapo juu. Lakini pale ambapo safu kadhaa za dawa zimekwisha kushindwa, dhana kwamba kila dripu inaongeza siku si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 Marekani uliwafuata wagonjwa wa saratani iliyofika mwisho. Waliokuwa bado na nguvu na wakapewa kemo walikuwa na wiki ya mwisho mbaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kwa waliokuwa dhaifu haikusaidia chochote.

Na mwaka 2010, watu 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa makundi mawili. Wote walipata matibabu ya kawaida ya saratani, lakini kundi moja lilipewa na tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza mateso, tangu mwanzo. Kundi hilo lilipata kemo chache za dakika za mwisho kuliko kundi la pili, huzuni ilipungua, na waliishi miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Nimeusoma utafiti ule mara nyingi. Sisemi kwamba tiba shufaa ni dawa ya saratani. Nasema wanaoiogopa kama mlango wa kaburi wanaiogopa bure.

Tiba shufaa ni nini basi, na morfini si ya wanaokata roho?

Ni tiba ya kila kinachomtesa mgonjwa: maumivu, pumzi, usingizi, hofu, choo, hata ugomvi wa ndugu kuhusu yeye. Huanza wakati wowote, pamoja na kemo au bila kemo. Ukiacha kemo hujaacha matibabu. Umehamisha nguvu za matibabu kutoka kwenye uvimbe kuja kwako. Hata mionzi inaweza kubaki: mfupa unaouma mara nyingi hutulizwa kwa dozi moja tu.

Morfini ikianzwa kidogo na kupandishwa kwa kipimo haifupishi maisha. Hukausha choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa siku hiyohiyo. Wakisahau, kumbusha.

Kuacha si kukata tamaa na rehema za Mungu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Kanisa Katoliki lilitamka waziwazi mwaka 1980 kwamba mtu anayekaribia kufa anaruhusiwa kukataa matibabu ambayo yangemwongezea tu maisha dhaifu na ya mateso, ilimradi uangalizi wa kawaida usikatizwe. Wanazuoni wengi wa Kiislamu nao hawaoni matibabu yasiyo na uhakika wa kufaa kuwa ni wajibu. Muulize kiongozi wako, lakini mweleze hali kama ilivyo. Ukimwambia tu "nataka kuacha dawa", atakujibu kama mtu anayeacha dawa za shinikizo la damu.

Mimi nimechoka, lakini watoto wanalia niendelee.

Watoto mara nyingi hawakatai uamuzi wako, wanakataa kuwa wao ndio waliokubali. Kila mmoja anaogopa kuja kuambiwa baadaye kwamba hakumhangaikia mzazi. Waondolee mzigo huo: waite pamoja, mbele ya daktari, useme mwenyewe. Anayetoka mbali, aliyekuja juzi, huwa na sauti kubwa kuliko wote. Mpe zamu ya kulala na mgonjwa usiku mbili, kisha muendelee na kikao.

Ndugu wamekubaliana mgonjwa asiambiwe.

Najua wanafanya kwa mapenzi. Lakini mgonjwa anajua, mwili wake unamwambia. Asilojua ni kama anaruhusiwa kulisema. Muulizeni kwanza angependa kujua kiasi gani, na nani amsikilizie. Akisema, "Mwambieni mwanangu, mimi niacheni," hilo nalo ni jibu lake, liheshimuni. Kinachoniuma ni mtu kuendelea kudungwa dawa kali kwa tumaini ambalo kila mtu chumbani anajua halipo isipokuwa yeye.

Na dawa za majaribio, au mitishamba?

Majaribio ya awamu ya kwanza lengo lake kuu ni kujua dozi salama, kwa hiyo ingia ukijua unasaidia wengine kwanza. Mitishamba, mwambie daktari unachotumia, chote. Mingine huongeza au hupunguza nguvu ya kemo ikipita kwenye ini.

Nikiacha, nini kinafuata? Nikijuta je?

Wiki za kwanza wengi hujisikia vizuri kuliko walivyotarajia, kwa sababu dawa inatoka mwilini. Wengine hapo hudhani wamepona, wengine hudhani wamekosea. Ugonjwa utarudi kusema, na kabla haujasema, pateni haya kwa maandishi: namba ya kupiga usiku, dawa za maumivu zilizopo nyumbani na kiasi cha kuongeza yakizidi, na jibu la kama mgonjwa atakimbizwa hospitali au la pumzi zikibadilika. Msiyajadili saa tisa za usiku.

Kujuta kunaruhusiwa. Mwili ukiwa bado na nguvu, unaweza kumrudia daktari ukauliza upya. Baba alirudi mara moja, wiki ya tatu, akasikiliza, akasema bado ni hapana. Njiani akaniomba nimfunge kifungo cha shati, upepo ulikuwa wa baridi.